Matunda na Mboga za Watoto wa Shule wa Arnhem Land

Wasomaji wetu wengi hukaa mashamba, na kwao mtoto arudipo kutoka shuleni mwezi wa Desemba huwa amekwisha kupita chini ya mwembe kabla hajafika nyumbani. Hakuna aliyemwamuru ale tunda. Embe lilikuwa njiani, naye alikuwa na njaa. Kwa hiyo huenda ikawa vigumu kwao kusadiki kwamba iko nchi ya joto kama yetu, yenye masika na kiangazi kama yetu, na miembe pia, ambako tunda alipewalo mtoto wa shule aghalabu limesafiri kilometa zipatazo 3,000 kwa gari, kisha likapakiwa katika tishali na kuvushwa bahari. Nchi hiyo ni Arnhem Land, katika pembe ya kaskazini ya Australia, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji sababu za jambo hilo, maana zina mafundisho yasiyopatikana katika vitabu vya upishi.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Jimbo la Kaskazini la Australia lina kilometa za mraba zipatazo 1,350,000, yaani laizidi Tanzania nzima kwa zaidi ya theluthi. Walakini watu wake wote ni kama robo milioni tu, na katika kila kumi, watatu hivi ni Wenyeji wa Asili, wale ambao wazee wao waliikaa nchi kwa maelfu na maelfu ya miaka kabla ya merikebu za Wazungu. Arnhem Land ni sehemu ya jimbo hilo, kilometa za mraba zipatazo 97,000. Mwaka 1931 ilitengwa iwe akiba ya Wenyeji, na kwa sheria ya mwaka 1976 wakapewa milki ya ardhi yao. Vijiji vyake vikubwa ni kama Maningrida, Ramingining, na vile vya visiwani, Milingimbi na Galiwin'ku. Watoto wa huko huja shuleni wakisema lugha za wazazi wao, pengine mbili au tatu, ndipo huongezewa Kiingereza. Kutoka Darwin, mji mkuu wa jimbo, hata Maningrida ni mwendo wa kilometa zipatazo 500, na sehemu kubwa ya njia ni ya udongo. Mvua zianzapo mwezi wa Novemba, mito hufurika na njia hufungwa; nazo hazikatiki hata Aprili. Miezi hiyo kila kitu huja kwa bahari au kwa ndege.

Hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipoanza kusoma habari hizi tulikuwa tumekwisha kuandika kichwani maneno ambayo kurasa kama hizi zimezoea kuwaambia akina mama: wapeni watoto mboga, msiwape sukari, laiti mngejua faida zake. Tulidhani shida ni ujinga. Kadiri tulivyoendelea kusoma ndivyo tulivyoona haya, kwa sababu watu hawa walijua matunda kabla hatujazaliwa sisi wala waliotufundisha.

Kwa hakika mwenyeji wa pwani yetu akipelekwa katika pori la Arnhem Land, hatajiona mgeni kabisa. Uko mti mmoja wenye matunda madogo ya kijani, makali mdomoni. Katika upande wa Kimberley, magharibi ya hapo, huitwa gubinge, nasi tutalitumia jina hilo. Mti huo ni ndugu wa mkungu wetu, ule uoteao ufukoni ambao watoto huzipasua kungu zake kwa mawe. Mwaka 1982 wataalamu wa Australia walilipima tunda hilo wakaona lina vitamini C kiasi cha mara 50 ya ile ya chungwa kwa uzito ule ule. Hawakuwa wamepata kuona tunda lililo na zaidi. Uko na mwingine wenye matunda mekundu, ndugu wa mzambarau na wa mkarafuu. Liko tunda dogo la kijani la jamii ya mwembe na mkorosho, ambalo huliwa nyama yake, na kokwa pia husagwa. Kimberley wana mbuyu wao, si ule wetu hasa bali ndugu yake wa tumbo moja, nao huula unga mweupe wa ndani kama sisi tulavyo ubuyu. Mabwawani akina mama huzamisha mikono kutafuta mashina na mbegu za yungiyungi. Porini huchimba viazi vikuu vya mwitu, na katika hivyo kipo kimoja kichungu chenye sumu, ambacho hupikwa, hukatwakatwa vipande vyembamba na kulowekwa katika maji yaendayo mpaka sumu itoke. Wazee wetu walioijua ndiga katika miaka ya njaa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tena kuna mkwaju. Mti huu asili yake ni Afrika, lakini katika pwani ya Arnhem Land imesimama mikwaju mikubwa ya miaka mingi. Waliyoileta ni mabaharia wa Makassar, katika visiwa vya Indonesia, waliokuwa wakija kila mwaka kwa pepo za kaskazini kuvua majongoo bahari, kuyachemsha na kuyakausha ufukoni, kisha kuyapeleka yauzwe Uchina. Walikula ukwaju, wakatema kokwa, na kokwa zikaota palipokuwa kambi zao. Safari hizo zilikoma mwaka 1907 baada ya serikali ya huko kukataa kutoa vibali tena. Majahazi yalikwenda, mikwaju ikabaki, na hata leo watoto huchuma matunda yake.

Basi, watu waliokuwa na vyote hivi wamefikaje kungoja tishali?

Halikuwa jambo la siku moja. Wazungu walipoingia na ng'ombe zao, na wamisionari na makanisa yao, na serikali na vituo vyake, Wenyeji walivutwa kukaa mahali pamoja. Penye posho watu hukusanyika. Na posho yenyewe ilikuwa unga mweupe wa ngano, sukari, na majani ya chai, pengine na nyama. Vitu hivi havikuchaguliwa kwa kuwa vinamfaa mtoto. Vilichaguliwa kwa kuwa haviozi, ni vyepesi kugawa kwa kipimo, na huvumilia safari ndefu. Mwaka 1948 wataalamu wa Australia na Marekani walifanya safari kubwa ya uchunguzi katika Arnhem Land, na miongoni mwao alikuwako mama mmoja mjuzi wa vyakula, Margaret McArthur. Alikaa na watu waliokuwa wakila chakula cha porini, akapima uzito wa walivyovipata na kuandika saa walizotumia kuvitafuta. Hesabu ilionyesha kwamba kazi yote ya kutafuta chakula na kukitengeneza ilichukua kama saa nne au tano kwa siku, na muda uliosalia walipumzika. Wengi waliosoma hesabu hiyo walistaajabu, maana walikuwa wamefundishwa kwamba mtu wa porini hushinda akihangaika na njaa.

Wamisionari nao walilima. Katika vituo vyao vya pwani ilikuwako migomba, mipapai, viazi vitamu na mboga, na kazi ilifanywa na Wenyeji wenyewe. Lakini bustani hizo zilikuwa mali ya kituo, zikiongozwa na kituo, na mazao yake yalipikwa katika jiko la wote. Miaka ya 1970 ilipofika, na misheni zikaacha madaraka, majiko hayo yalifungwa, watu wakalipwa fedha, na bustani nyingi zikarudi kuwa majani. Mahali pake pakaja duka. Kijiji kizima, cha watu mia kadha au elfu mbili, kikawa chanunua chakula katika duka moja tu, na jirani yake liko mbali kama mji mwingine.

Hapo ndipo yapasa tueleze safari ya kabichi. Mboga nyingi za Australia hulimwa kusini, kwenye ubaridi na maji. Kutoka Adelaide hata Darwin ni kilometa zipatazo 3,000 kwa barabara kuu, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya reli yetu ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Njia nzima mzigo lazima ukae katika baridi. Darwin hushushwa, hupangwa tena, hupakiwa katika tishali, na tishali hungoja maji na hali ya bahari. Kifikapo kijijini kabichi kimekwisha kuwa na umri wa siku nyingi, na umri huo haukumwongezea heshima. Mwenye duka ana hesabu yake pia: jokofu kubwa lamtaka umeme usiku na mchana, na mboga zisiponunuliwa kwa siku chache ni za kutupwa. Akiogopa hasara, huagiza chache. Akiagiza chache, zaisha siku ya pili baada ya tishali, na siku nyingine zote jokofu huwa tupu. Mkebe wa nyama na mfuko wa unga haviko katika mbio hizi. Hukaa rafuni vikingoja mnunuzi.

Tutaongeza jambo moja ambalo lilituchoma. Jimbo hilo hilo la Kaskazini ni shamba kubwa la maembe. Karibu nusu ya maembe ya Australia hutoka pande za Darwin na Katherine. Msimu ufikapo, malori hushuka nayo kwenda miji ya kusini, mle mle ambamo kabichi hupandia.

Tukija kwenye bei, ukaguzi wa serikali ya jimbo, ulioanza katika miaka ya 1990, umeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kikapu kile kile cha chakula huuzwa ghali zaidi katika maduka ya mbali kuliko katika maduka makubwa ya Darwin, mara nyingi kwa zaidi ya robo ya bei. Nao wakaao mbali ndio wenye mapato madogo zaidi. Sasa msomaji na ajiweke mahali pa mama mwenye watoto watano, na fedha alizo nazo ni za kufikisha siku ya malipo. Hesabu yake si ya vitamini. Hesabu yake ni ya matumbo. Kwa fedha ile ile apate tufaa chache ambazo zitaliwa kabla hajafika mlangoni, au apate mfuko wa unga, sukari na majani ya chai, ambavyo vitawashibisha wote siku kadha? Wataalamu wamelipima jambo hili kwa fedha na kwa nguvu ipatikanayo mwilini, wakaona kwamba vyakula vya unga na sukari ndivyo vitoavyo nguvu nyingi kwa bei ndogo kuliko vyote dukani. Mama huyo hakukosea hesabu. Tena nyumba nyingi za huko zimejaa watu na hazina jiko zima wala jokofu lifanyalo kazi, na mboga iliyonunuliwa isipopikwa jioni ile, katika joto lile, kesho si mboga.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 2013 ilitangazwa hesabu ya vyakula vyote vilivyouzwa kwa muda katika vijiji vitatu vya mbali vya jimbo hilo. Katika fedha zote za chakula, zaidi ya asilimia 15 zilikwenda katika vinywaji vyenye sukari. Mboga zilipata asilimia 5.4, na matunda asilimia 2.2. Sukari ilitoa robo mpaka theluthi ya nguvu yote iliyotokana na chakula. Kumbe shauri la serikali ya Australia kwa mtoto wa miaka 9 mpaka 11 ni gramu 375 za mboga na gramu 300 za matunda kila siku.

Je, yadhuru nini? Twajua wako wasomaji watakaosema kwamba mtoto aliyeshiba ameshiba. Lakini damu ya mtoto yataka madini ya chuma, na chuma iliyomo katika nafaka na majani huingia mwilini kwa shida isipokuwa imefuatana na vitamini C, ambayo hupatikana katika matunda na mboga. Upungufu wa damu ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo wa vijiji hivyo. Mtoto mwenye damu pungufu huonekana mvivu darasani. Mwalimu humkemea, naye hana la kujibu. Meno huoza kwa sukari. Baadaye huja ugonjwa wa kisukari, ule ambao zamani ulikuwa wa watu wazima tu. Sasa kaskazini ya Australia umewashika hata vijana wa shule, kwa kiwango kilicho miongoni mwa vile vya juu kabisa vilivyopata kuandikwa duniani kwa watu wa umri huo. Mwaka 1982 Wenyeji kumi wa pande za Derby, katika Kimberley, wote wagonjwa wa kisukari, walikubali kurudi porini kwa wiki saba wakila walichowinda na kuchimba. Walipungua uzito kwa kadiri ya kilo nane kila mmoja, na sukari katika damu yao ilishuka sana. Hatusemi kwamba shule zifungwe watu warudi porini. Wenyewe hawasemi hivyo. Twataka tu ieleweke kwamba mwili wa Mwenyeji hauna kasoro iliyozaliwa nao. Kilichobadilika ni kilichomo sahanini.

Tena tusiwabebeshe watoto hawa aibu isiyo yao. Katika uchunguzi wa taifa zima la Australia, zaidi ya nusu ya watoto wa Wenyeji, wa mijini na wa mashambani pamoja, walisemekana kula matunda ya kutosha. Bali waliotimiza kipimo cha mboga hawakufika mmoja katika kumi. Na watoto wasio Wenyeji, wakaao karibu na maduka makubwa yenye mboga za kila rangi? Nao pia hawakufika mmoja katika kumi. Mtoto kukataa mboga si desturi ya kabila lolote. Tofauti ni kwamba mtoto wa Sydney asipokula leo, kesho mboga ingali pale, na mama yake aweza kujaribu tena.

Shuleni ndiko mahali ambapo mtoto hukaa saa nyingi na watu wazima waweza kuona anachokula. Tangu mwaka 2007 shule nyingi za vijiji vya mbali vya jimbo zimekuwa na mpango wa chakula cha asubuhi na cha mchana, ambao wazazi huuchangia kwa fedha kidogo na serikali hulipa sehemu yake, na wapishi wengi ni watu wa kijiji. Mpango huu ulianzishwa pamoja na amri nyingine za serikali ambazo Wenyeji wengi walizichukia, kwa sababu hawakuulizwa. Na chuki hiyo ilikuwa na haki. Hata hivyo jiko la shule ni jambo jema, na ubora wake wategemea mambo yale yale madogo: tishali limefika au halikufika, mpishi ana jokofu au hana. Nanasi likatwapo vipande na kuwekwa mezani, hakuna haja ya hotuba.

Katika majaribio yote tuliyoyasoma, moja lilitupendeza kuliko mengine kwa sababu liliuliza swali lililo wazi: bei ikishuka, je, watu watanunua? Lilifanyika mwaka 2013 na 2014 katika vijiji 20 vya mbali vya Jimbo la Kaskazini. Kwa wiki 24 matunda, mboga na maji ya kunywa viliuzwa kwa bei iliyopunguzwa asilimia 20. Katika baadhi ya vijiji yaliongezwa mafunzo ya chakula bora hapo dukani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Wakati wa bei nafuu, uzito wa matunda na mboga zilizonunuliwa uliongezeka kwa karibu asilimia 13. Kisha punguzo likaondolewa, na wengi wangetazamia watu warudi kama zamani. Bali ununuzi ulikuwa karibu asilimia 20 juu ya ule wa kabla ya punguzo. Inaonekana waliokwisha kuzoea hawakutaka kuacha.

Lakini tusishangilie mno. Asilimia hizo zikigeuzwa kuwa uzito, ni gramu 12 kwa mtu kwa siku wakati wa punguzo, na gramu 18 baadaye. Gramu 12 ni kipande cha chungwa, si chungwa. Mahali palipokuwa na upungufu wa mamia ya gramu, kipande kimoja ni mwanzo tu. Hata hivyo jaribio lilivunja ule usemi wa kwamba watu hawa hawataki matunda, na kwa sisi tuliokuwa tumeshika kalamu kuwahubiria akina mama, jambo hilo latosha.

Jaribio jingine lilikuwa la kaskazini ya jimbo la New South Wales, mahali pasipo mbali kama Arnhem Land, ila shida za fedha ni zile zile. Kliniki za Wenyeji zilizipa jamaa zenye watoto kisanduku cha matunda na mboga kila wiki, cha thamani ya dola 40, nazo zikatoa dola 5 tu. Jamaa kubwa zilipata kisanduku kikubwa zaidi. Baada ya mwaka mmoja watoto walikuwa wameandikiwa dawa za viuavijasumu mara chache zaidi kuliko mwaka uliotangulia, walifika hospitali mara chache zaidi kwa maradhi, na wekundu wa damu yao uliongezeka kidogo. Haikuwa ajabu kubwa, wala hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo. Lakini wazazi walizishika zile dola 5 wiki baada ya wiki, na mtu hafanyi hivyo kwa kitu asichokitaka.

Msomaji mkulima amekwisha kuuliza: kwa nini wasilime? Wanalima. Katika Kimberley na Pilbara ziko shule zilizo na bustani ambazo watoto hupanda, humwagilia, huvuna na kupika wenyewe, na walimu husema mtoto hula bila ubishi mchicha alioupanda kwa mkono wake. Jambo hilo twalisadiki, maana hata shule zetu zimeliona. Lakini bustani ya shule katika nchi zile ina maadui. Mapumziko marefu huanguka Desemba na Januari, ndiyo miezi ya mvua kubwa na magugu. Mwalimu aliyeipenda bustani huhamishwa, na anayekuja hajui jembe. Kiangazi kikianza Mei hakuna tone mpaka Oktoba. Bustani idumuyo ni ile ambayo mtu wa kijiji hulipwa mshahara kuitunza mwaka mzima. Pasipo mshahara huo huwa picha nzuri ya siku ya kufungua.

Maduka yenyewe nayo yamebadilika. Mwaka 1972 vijiji vya Arnhem Land viliungana kuanzisha shirika lao la maduka, ALPA, ambalo mali yake ni ya Wenyeji wenyewe. Nalo limejitwika gharama za uchukuzi wa matunda na mboga, ili zisiingizwe katika bei anayolipa mnunuzi. Fedha hiyo yatoka katika faida ya bidhaa nyingine. Ndiyo kusema kwamba mnunua soda, pasipo kujua, amsaidia mnunua chungwa kidogo. Kwa upande wa serikali, mwaka 2020 kamati ya Bunge la Australia ilichunguza bei na upatikanaji wa chakula katika vijiji vya mbali vya Wenyeji, na mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa kuuza bidhaa 30 za lazima katika maduka ya mbali kwa bei kama za mjini. Bei ya mjini kwa mtu wa mbali ni jambo ambalo mkulima yeyote anunuaye mafuta ya taa vijijini angependa kulisikia.

Na yale matunda ya porini? Hayakusahauliwa. Shule nyingi huwatoa watoto pamoja na wazee wanawake kwenda kuchimba viazi na kuchuma, na huko mwalimu wa darasani huwa mwanafunzi. Masika yanapokwisha, huko Wadeye, kusini-magharibi ya Darwin, akina mama na watoto wao huingia porini na ndoo kuchuma gubinge. Ndoo hupimwa, wachumaji hulipwa kwa kilo, matunda huoshwa na kugandishwa kwa barafu. Kisha hupakiwa, yakashuka kwa njia ile ile ndefu mpaka miji ya kusini, ambako husagwa yakawa unga wa kutia katika vinywaji vya watu wenye nafasi na katika mafuta ya kupaka usoni. Wachumaji hupata fedha halali, na wengi wao hufurahia safari ile kuliko fedha. Watoto hula mengine papo hapo chini ya mti, kabla ya ndoo kujaa.